Pamu ya baridi kwenye jua la Dodoma, unalipia nini hasa?

Mwezi wa saba Dodoma, saa kumi na moja alfajiri, uko nyuma ya bodaboda unawahi basi pale Nanenane na upepo unakupiga usoni mpaka machozi yanatoka, hapo huwezi kumwambia mtu kwamba huku hakuna baridi. Ndo maana muuza miche aliponiambia "bosi hii pamu inavumilia baridi, hata ya Ulaya" mi nikaona nimepata, nikatoa hela ya miche mitatu bila kuuliza swali la pili. Nimekulia Pangani, minazi naijua toka mtoto, nikajiona mtaalamu. Nafika nayo Nzuguni, jirani yangu mzee mmoja wa Kigogo ambaye ana shamba la zabibu kule Hombolo akaitazama ile miche, akatazama jua, akaniuliza taratibu tu, "Sasa mwanangu, hiyo baridi unayoiogopa iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimelipata baada ya miaka kama minne, na mche mmoja uliokufa, na mwingine uliogeuka kuwa kitu kingine kabisa. Na jibu lenyewe ni kwamba hii pamu inafaa Dodoma kweli, ila sio kwa sababu niliyouziwa.

Tuanze na jina maana hapa ndo watu wengi wanapigwa. Jina la kitaalamu ni Chamaerops humilis, alilipa yule mtaalamu wa mimea Linnaeus mwaka 1753. Neno la kwanza limetoka kwenye Kigiriki, maana yake kama kichaka cha chini, na la pili ni Kilatini, maana yake tena ni ya chini. Yaani jamaa kasema mara mbili kwamba hiki ni kichaka kifupi, na kuhusu baridi hajasema neno. Kwao ni pande zote za bahari ya Mediterania upande wa magharibi: Moroko, Algeria, Tunisia, Hispania, Ureno, Italia na visiwa vyake vya Sicilia na Sardinia. Ulaya nzima ina pamu mbili tu za asili, hii na aina ya mtende inayoota kisiwa cha Krete, ndo maana wenzetu huko wanaienzi sana. Pale Padova, Italia, kwenye bustani ya mimea ya chuo kikuu, kuna moja ilipandwa mwaka 1585 na mpaka leo iko hai, wameijengea nyumba yake ya vioo. Moroko wao hawana mbwembwe, majani wanasukia mikeka, vikapu na mafagio kama sisi na ukindu, na nyuzi zake zilikuwa zinajazwa kwenye magodoro. Wanaiita "dum", wakati ukienda Misri dum ni mti mwingine, ndugu wa mkoma wetu. Kwahiyo ukisikia mtu anatafuta pamu kwa jina la mtaani tu, muulize mara mbili anamaanisha ipi.

Na mimi sikuuliza. Kati ya ile miche mitatu mmoja ulikuwa Washingtonia, ile pamu ndefu ya barabarani inayokimbia kwenda juu mita ishirini na zaidi. Ikiwa midogo inafanana, zote majani ni ya feni na zote zina miiba kwenye shina la jani. Sasa ukienda bustanini kununua, inama. Chukua jani moja ulipitishe kidole polepole kwenye lile shina lake jembamba, ya kwetu, yaani Chamaerops, ina miiba iliyonyooka kama sindano na mingi inaelekea mbele kule jani liliko, Washingtonia ina meno yaliyopinda kama ya msumeno. Alafu angalia ncha za jani, Washingtonia ina nyuzi nyeupe zinaning'inia kama uzi wa nguo iliyochanika. Ya kwetu jani ni gumu, limechanwa mpaka karibu na katikati, na kwenye ndoo hiyo hiyo pembeni mwa mama mara nyingi utaona mtoto kachungulia. Ukiona mtoto, furahi. Hiyo Washingtonia nilimpa shemeji yangu wa Ihumwa mwenye kiwanja kikubwa, sasa hivi imepita bati.

Haya, turudi kwenye baridi. Neno lenyewe kwa Kiswahili ni moja lakini ndani yake kuna mambo matatu na yamechanganywa. Kuna baridi ya ngozi, hii ya Dodoma, ambayo ni upepo mkavu na usiku wa nyuzijoto 13 hivi mwezi wa sita na wa saba. Kuna ubaridi wa mmea, yaani ile hali ya mti kupunguza kukua kwa sababu joto halitoshi, huu unaugusa sana mnazi ambao unataka usiku wa joto na hewa yenye unyevu. Alafu kuna baridi ya barafu, maji kuganda. Muuza mbegu wa Ulaya anaposema pamu hii inavumilia baridi anazungumzia hiyo ya tatu peke yake. Joto likishuka chini ya sifuri, barafu inaanza kujijenga katikati ya seli za jani, inazinyonya maji, seli zinasinyaa na kuharibika, kesho yake jani limekuwa kahawia kama limechomwa pasi. Chamaerops ikishakomaa inaweza kustahimili mpaka karibu hasi 10 kwa muda mfupi. Kuna aina yake ya milima ya Atlas kule Moroko yenye majani ya rangi ya fedha iliyochanganyika na bluu, hiyo nayo ni ngumu kwelikweli.

Sasa piga hesabu. Sisi 13, yenyewe hasi 10, kuna nyuzi zaidi ya ishirini unazilipia na hutazitumia maishani, ni sawa na kununua Land Cruiser ya kuvukia mito alafu unaenda nayo dukani Kisasa. Mtu wa Makete au kule Kitulo ambako asubuhi ya mwezi wa sita anaamka anakuta nyasi nyeupe, huyo sawa, kwake hiyo sifa ina kazi. Kwetu haina.

Ila kuna neno jingine kwenye maelezo ambalo watu wanalipita haraka, neno kichaka. Na hili ndo lenye faida yote.

Mtu wa pwani atanielewa haraka hapa. Mnazi una moyo mmoja tu, pale juu kileleni majani yanapotokea, sehemu ile laini nyeupe ambayo mnazi ukiangushwa watoto tunaigombania. Huo ndo mti wenyewe. Mnazi hautoi tawi ukikatwa kama mwembe, hauna ganda linalofunga kidonda, na yule mbawakawa mwenye pembe akitoboa mpaka kwenye moyo basi umebaki na nguzo. Pamu nyingi ziko hivyo, shina moja moyo mmoja. Sasa ya kichaka imefanya kama mgomba, inazaa watoto pembeni, kila mtoto na moyo wake. Wakifa wawili wanabaki watano. Kwao huko moto wa porini ukipita pamu hii inachipua tena, na wataalamu wanaihesabu kati ya mimea inayorudi haraka baada ya moto.

Dodoma hatuna barafu lakini tuna mbuzi. Mwaka wa pili wa mche wangu, jumamosi, geti limeachwa wazi, nimetoka sokoni Majengo nakuta mbuzi wawili wamesimama kabisa kwenye kitalu kama wako kwao. Majani makubwa hawakuyagusa sababu ya miiba. Walichokula ni ule mshale wa katikati, lile jani jipya ambalo bado limejikunja halijafunguka, laini, tamu kama muwa mchanga nadhani, wamelitafuna mpaka chini kwenye shina kubwa na kwenye mtoto mmoja. Ingekuwa mnazi, moyo wake mmoja ndo ungekuwa tumaini langu lote. Shina kubwa lilikaa kimya miezi kama mitano nikajua limekwenda, alafu likatoa jani bovu bovu lililokatika ncha kama limekatwa na mkasi, na la pili likatoka zima. Na mle pembeni watoto walikuwa wanaendelea na maisha yao kama hakuna kilichotokea.

Kwahiyo hiyo ni faida ya kwanza. Ya pili ni ukame, na hapa kuna kamtego ambako kaliniulia mche.

Kule Almería, kusini mashariki mwa Hispania, mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200, na pamu hii inaota porini, kwenye mawe, hakuna anayeimwagilia. Dodoma tunapata kama 550 mpaka 600. Ukisoma namba hizo tu unasema aah, kumbe sisi kwetu ni paradiso. Mimi ndo nilivyosema. Tatizo namba ya mwaka haikuambii mvua inanyesha msimu gani. Mediterania mvua ni za kipindi cha baridi na kiangazi chao ndo kikavu, yaani mti unapokunywa, udongo ni wa baridi, na joto likija, udongo umekauka. Huku kwetu ni kinyume, mvua zinaanza mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili zinaenda mpaka wa nne, zinakuja pamoja na joto, na zinakuja kwa fujo, siku moja inamwaga ya wiki tatu alafu jua. Mizizi iliyozoea kupumua kwenye mawe unaiweka kwenye uji wa moto. Kuvu wa kuozesha mizizi wanapenda hivyo hivyo, maji na joto kwa pamoja.

Mche wangu wa kati niliuchimbia shimo zuri mwezi wa kumi, futi tatu kwa tatu, fundi alichimba kwa sururu maana wanaoijua ardhi ya Nzuguni wakati wa kiangazi wanajua, juu ni mchanga mwekundu unafagilika lakini chini kidogo unakuta tabaka gumu kama zege. Tukalipasua, tukajaza samadi na udongo laini, nikaona nimeutendea haki. Kumbe nimejenga beseni. Maji ya januari yakaingia kwenye ule udongo laini yakakosa pa kutokea, pembeni zege chini zege. Majani yakaanza kunyauka wakati mvua inanyesha, na mimi kwa ujinga nikadhani una kiu nikaongeza maji! Mwisho wa mwezi nilishika mshale wa katikati nikauvuta kidogo, ukaja wote mkononi bila kubisha, chini ni wa kahawia unateleza na unanuka kama muhogo uliolowekwa ukasahaulika. Huo ndo mtihani wenyewe, mshale ukivutika ukatoka, moyo umeoza.

Kwahiyo kabla hujapanda chimba shimo, lijaze maji jioni, ukalale. Asubuhi maji yakiwa bado yamo, usipande humo hata kama ndo pazuri kwa macho. Ama utoboe lile tabaka mpaka ukute udongo unaopitisha, ama, na hii ndo nafanya siku hizi sababu ni rahisi, pandisha tuta. Kifusi cha mchanga na kokoto changanya na udongo wa hapo hapo, kimo cha goti, upana mita moja na nusu, mti unakaa juu maji yanakimbia. Wenye viwanja kwenye ule udongo mweusi wa mbuga unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi, nyie tuta sio hiari. Samadi usiweke ndani ya shimo, iweke juu baadae. Na shingo ya mti, pale majani yanapoanzia, ibaki juu ya udongo vile vile ilivyokuwa kwenye ndoo, usiifukie ili "isimame vizuri", pamu iliyofukiwa inakuja kukudai baada ya mwaka mmoja au miwili.

Kumwagilia watu wanakosea pande zote mbili. Kuna anayesikia "inavumilia ukame" anapanda mwezi wa nane anaondoka, na kuna anayemwagilia kila jioni kama mchicha. Uvumilivu wa ukame ni wa mti wenye mizizi, mche wa kwenye ndoo hauna mizizi hiyo, unayo ya kujaza ndoo tu. Panda mvua zinapoanza, udongo una joto na mizizi inakimbia, ukifika mwezi wa tano iko nje ya shimo. Kiangazi cha kwanza na cha pili mi naupa ndoo mbili kubwa kwa wiki, zote kwa mpigo, polepole, nazungusha mbali kidogo na shina ili mizizi ifuate. Mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja ndo mbaya zaidi, upepo, vumbi, joto linapita 30, hapo usiruke wiki. Kuanzia mwaka wa tatu unaweza kukaa wiki tatu bila kuuangalia na usikununie. Maji yakikatika, ya kusuuzia nguo yanafaa, yale ya kwanza yenye sabuni ya unga hapana. Maji ya kisima yenye chumvi pamu hii inayavumilia kiasi ila ncha zitaungua, ukipata mvua kubwa ya kwanza itausafisha udongo yenyewe kama umepanda kwenye tuta.

Nyasi za kufunika chini weka, zinasaidia sana na jua letu, lakini acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina maana mchwa wa huku hawana adabu, wanapanda kwenye nyasi wakimaliza wanaanza magamba makavu ya mti.

Sasa majani ya njano. Hili swali naulizwa karibu kila wiki na watu wa pamu za aina zote, na watu wengi wanakimbilia Urea. Angalia kwanza ni majani gani. Yakiwa ya chini, ya zamani, yana madoa ya njano na machungwa, ncha zimekufa, mti unakosa potasiamu. Yana mkanda mpana wa njano pembeni na katikati bado kijani, ni magnesiamu. Ikiwa ni majani mapya ya juu ndo yanatoka meupe meupe, hapo mara nyingi ni madini ya chuma hayafiki, na sababu inaweza kuwa ulifukia shingo au mizizi inalowa, mbolea haitasaidia mpaka urekebishe hilo. Urea peke yake inasukuma mti ukue haraka wakati potasiamu haipo, kwahiyo unaongeza tatizo. Samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka ikapoa, ambayo Dodoma ni nyingi, pamoja na mbolea ya mchanganyiko yenye potasiamu nyingi, mara mbili wakati wa mvua, inatosha.

Alafu jamani acheni kukata majani ya njano. Najua linaudhi kuliangalia, wageni wanakuja na jani limekaa pale kama aibu. Lakini mti unanyonya potasiamu kutoka kwenye jani la zamani unaipeleka kwenye jipya, ukikata unakuwa umeutupia chakula jalalani, na utahamia jani linalofuata juu. Kata likishakuwa kahawia kabisa, na uvae glavu nene za ngozi na nguo ya mikono mirefu, ile miiba ikikuchoma kwenye kiungo cha kidole utakumbuka wiki nzima. Kwa sababu hiyo hiyo usiupande kando ya njia ya watoto wala karibu na kamba ya nguo, kichaka kikikomaa kinaweza kuwa na upana wa mita tatu, nne. Chini ya dirisha upande wa nje, hapo sawa, mwizi atatafuta dirisha la jirani.

Kuotesha kwa mbegu inawezekana ukiwa na moyo. Loweka siku kadhaa ukibadilisha maji, toa nyama yote, panda, subiri miezi miwili mpaka minne. Mbegu za kutoka nje ya nchi zinahitaji kibali cha kuingiza, waulize TPHPA kwanza, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, usibebe kwenye begi kienyeji. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba majani ya mwanzo sio feni. Yanatoka membamba marefu kama majani ya nyasi na yanakaa hivyo mwaka wa kwanza wote. Mimi niliotesha kumi na nne, nikasafiri wiki mbili, kijana anayenisaidia bustani akapalilia vizuri sana, akang'oa zote. Alikuwa ananionyesha kwa furaha jinsi kitalu kilivyo safi. Nilishindwa kumlaumu, nikanywa chai nikanyamaza. Kugawa watoto kutoka kwa mama ni haraka zaidi lakini mtoto bila mizizi yake mwenyewe hashiki, subiri awe na unene wa kifundo cha mkono, fukua uone mizizi, ndo ukate, tena mvua zikiwa zinaendelea.

Watu wa mtandaoni watakushauri pia pamu nyingine za vichaka za baridi. Ile pamu ya miiba ya sindano ya Marekani, Rhapidophyllum, inasemwa ndo inayovumilia baridi kuliko pamu zote duniani, lakini kwao inakaa kwenye vivuli na udongo wa unyevu wa kusini mashariki mwa nchi hiyo, ukiileta kwenye jua la Dodoma unaitesa. Kwa kusoma tu maelezo yake, inayotufaa ni Nannorrhops, ya milima mikavu ya Pakistani, Afuganistani na Irani, inapenda joto na ukavu, ila sijawahi kuiona inauzwa hapa. Na kama una sehemu ambayo maji ya bafuni yanapita, achana na hizi zote panda mkindu. Nao ni wa kichaka, nao una miiba, ni wa kwetu, na bibi atapata ukindu wa kusukia.

Juzi yule mzee alipita tena, akahesabu kwa fimbo, shina moja na watoto sita. Shina lenyewe kwa miaka yote hii halijafika kiunoni kwangu, maana pamu hii haina haraka, sentimita chache kwa mwaka ndo mwendo wake. Akauliza kama kuna mtoto mmoja wa kwake, anataka auweke kwenye kona ya shamba ambako mbuzi wanapenda kuingilia kwenye zabibu. Nimemwambia asubiri mvua.